Sina Mtu wa Kunitwisha

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana ndilo lililoleta balaa. Huku kwetu Kibiti, tangu bondeni Mtunda mpaka huku juu barabarani, mtu akisema "sina mtu" hajalia, hajalaani, wala hajamsuta yeyote. Mwanamke kajaza ndoo kisimani, kainama, ndoo imemshinda kuifikisha kichwani, atasema: sina mtu wa kunitwisha. Nyumbani kwake ana mume, ana watoto, ana mawifi wamekaa uani wanasukana. Lakini pale kisimani hana mtu. Apitaye atamtwisha, ataambiwa ahsante, kila mmoja na njia yake. Bi Mwamvua amelisema neno hilo hivyo hivyo tangu apate akili, na alipolisema uzeeni mbele ya ofisa ustawi, magoti yamemvimba, hakuwa amelibadilisha hata kidogo. Waliolitia sumu ni wengine, na nitawataja.

Bi Mwamvua ni Mndengereko wa bondeni. Ujana wake umeishia juu ya dungu. Dungu ni kibanda kinachosimamishwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga, kina ngazi ya miti, na mpunga ukishaanza kubeba hushuki ovyo. Mchana unaamia ndege mpaka sauti inakauka, gizani unafukuza nguruwe kwa kupiga debe, na kiboko akiamua kupita chini yako unamwomba Mungu asizikwaruze nguzo. Mumewe alikuwa mtu wa kwenda delta kukata boriti. Alikuwa akirudi mikono mitupu, mwisho akawa harudi kabisa. Watoto wawili wa mwanzo walikwenda na surua. Wa tatu, Miraji, alimzalia juu ya dungu, mto umefurika chini yao na mkunga kaletwa kwa mtumbwi amechelewa, kamkuta mtoto keshatoka na mamake keshamfunga kitovu.

Mtoto alipoanza kutambaa, Bi Mwamvua alikuwa akimfunga kanga kiunoni asije akaporomoka majini. Ncha ya pili ya kanga ile hakuifunga kwenye nguzo kama walivyofanya wenzake. Alijifunga kiunoni mwake mwenyewe, akaamia ndege hivyo, akasonga ugali hivyo, mtoto akivuta huku yeye akivuta kule. Wenzake walimcheka. Alisema nguzo haina masikio.

Basi miaka ikaenda. Miraji akakua, akauza mkaa, akauza mbao, akajaliwa mashine ya kukoboa mpunga kule Mahege, akajenga nyumba ya tofali, akamwoa Swaumu. Mamake alibaki Mtunda na jembe lake. Yalipokuja mafuriko ya juzijuzi haya, yale ambayo mvua na mto viliungana vikaja pamoja, nyumba ya Bi Mwamvua ililainika ikakaa chini. Miraji alikwenda na mtumbwi kumchukua. Hilo tumpe haki yake, alikwenda.

Akamweka chumba cha nyuma, pamoja na magunia ya pumba. Ndiyo nafasi iliyokuwepo. Swaumu ana genge barabarani, anatoka alfajiri. Watoto wanakwenda shule. Miraji yuko mashineni. Bi Mwamvua, ambaye magoti yake yalikwishaharibika kwa kupanda na kushuka ngazi ya dungu maisha yake yote, alibaki na kuku. Choo kilikuwa mwisho wa ua, kina vidaraja viwili vya saruji vya kupandia, na siku moja kidaraja cha pili kilimshinda. Alianguka, nusu ndani nusu nje, jua likapita juu yake likaenda upande wa pili. Aliyemkuta ni mama muuza maandazi aliyekuja kudai sahani yake. Huyo ndiye aliyepiga kelele, watu wakajaa, zahanati ikapata habari, na zahanati ikamwambia ofisa ustawi.

Ofisa huyo anaitwa Leodgar, Mpogoro wa Mahenge ya milimani, si Mahege yetu, kijana mpole mwenye kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa mtu. Alimkuta Bi Mwamvua amekalishwa uani juu ya gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Bibi, una mtu wa kukuhudumia hapa?"

Bi Mwamvua akazungusha macho uani. Palikuwa na jogoo na mitetea yake.

"Sina mtu, baba," akasema.

Ndivyo alivyopata chumba.

Nje kidogo ya mji wa Kibiti kuna nyumba ndefu moja yenye vyumba vinane na baraza refu mbele. Waliijenga watu wa huku waliofanikiwa Dar es Salaam, na watu wanapaita Vyumba Nane, basi. Wanaokaa ni wazee. Kila mmoja ana chumba chake na mlango wake, kodi ni kidogo, na asiyekuwa na cha kulipa anasuka mkeka. Chooni hakuna kidaraja, na ukutani kuna bomba la chuma la kushikia. Kila asubuhi anapita Winifrida, mwanamke wa Kihaya kutoka Muleba, mtu mnene mwenye mikono ya moto. Anapika uji, anachemsha maji ya kuoga, anapima presha, anahakikisha kidonge kimemezwa wala hakikufichwa chini ya ulimi, anakata kucha, na Ijumaa anawafunga shungi bibi wa Kiislamu wakati yeye mwenyewe ana rozari shingoni. Jioni anapita tena. Sharti la kupata chumba ni moja tu: uwe mzee usiye na mtu wa kukuhudumia.

Bi Mwamvua alipokabidhiwa ufunguo aliugeuzageuza. Katika maisha yake yote hajapata kumiliki mlango unaofungwa kwa ufunguo. Dungu halina mlango. Nyumba ya Mtunda ilikuwa na ubao na kamba. Akaufunga kwenye pindo la kanga, na akawa akitembea unamgonga mguuni, na yeye anafurahi kugongwa. Chumba kile alikiita dungu langu. Dungu lisilo na ngazi, alimwambia jirani yake wa chumba cha mwisho, Bi Muzdalifa, ambaye alikuwa kiziwi nusu na mbishi kamili. Walikaa barazani wakisuka ukindu na kugombana kuhusu nani kakosea kuanza. Alinenepa. Alicheka. Vidonge vilimtuliza, magoti yakashuka uvimbe, na kuna asubuhi alisimama mwenyewe akaenda kuoga bila kuita mtu, akarudi akawatangazia wote kana kwamba kaenda Maka.

Na Miraji? Miraji alifurahi kuliko wote. Godoro la mamake alilibeba yeye mwenyewe kwenye pikipiki. Mwanzo alikuwa anakuja kila Ijumaa na machungwa, halafu Ijumaa moja moja, halafu zikaja salamu peke yake. Hakuna aliyelalamika. Mambo yangeishia hapo, mama na amani yake, mwana na mashine yake.

Lakini kukatokea msiba Mtunda.

Mnajua watani wetu msibani. Mtu kafa, nyumba imejaa kilio, na wao ndio kwanza wanavaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake. Ni haki yao, na ukikasirika unalipishwa. Jeneza lilipoinuliwa, Miraji akajongea aweke bega. Mtani mmoja mwanamke akamzuia kwa mwiko.

"Huyu asibebe," akasema, sauti ya kufika mpaka makaburini. "Mama yake kamwambia ofisa hana mtu. Sasa huyu ni nani? Kivuli hakibebi jeneza. Mpisheni kivuli apite."

Watu walicheka mpaka wenye msiba wakacheka. Miraji naye akatoa meno. Afanyeje, ni utani. Lakini utani ule ulimwingia, ukashuka nao mpaka Mahege, na haukutoka. Tangu siku hiyo kila anapopita kijiweni anasikia kivuli, kivuli, hata pale ambapo watu wanazungumza habari ya mpira. Kisha injini ya mashine ikafa. Kisha mtoto wake mdogo akashikwa degedege. Mtu mwenye hatia hahitaji mganga, anajiagulia mwenyewe. Akakaa akaunganisha: mama amesema hana mtu, maana yake amenikana. Akinikana radhi yake sina. Radhi yake nisipokuwa nayo, ndiyo haya.

Hakujiuliza mamake alianguka wapi siku ile, wala alilala chini kwa muda gani. Hilo halikuwa kwenye hesabu yake.

Walikuja Vyumba Nane watu watatu, kanzu zimepigwa pasi: Miraji, mjomba wake Saadi ambaye ni mdogo wake Bi Mwamvua, na ustadhi wa msikiti wa Mahege. Leodgar naye aliitwa, maana mzee hachukuliwi pale bila yeye kuwepo. Wakakaa juu ya mkeka ambao Bi Mwamvua alikuwa hajaumaliza.

"Dada," Saadi akaanza, "kuna neno umelisema, limemkaa mtoto kooni. Tumekuja kukuomba ulirudishe."

"Neno gani?"

"Umemwambia ofisa huna mtu."

Bi Mwamvua akacheka. "Saadi, umezeeka vibaya. Mie nilianguka chooni. Kijana wa watu kaniuliza nina mtu wa kunihudumia, na uani mlikuwa na kuku. Ulitaka nimwambie ninaye jogoo?"

Ustadhi akakohoa kuficha kicheko chake. Miraji hakucheka.

"Mama, mashine imekufa," akasema. "Mtoto amenusurika. Watu wananizuia kubeba jeneza. Wewe huku unakunywa uji, umefunga mlango wako, na mie kule naungua. Sema mbele ya hawa kwamba una mtu."

"Nikisema hivyo si nitaondoka hapa?"

Wote wakamtazama Leodgar. Leodgar akatazama vidole vya miguu yake.

"Bibi, ndiyo sharti la hapa," akasema. "Ukisema unaye wa kukuhudumia, siwezi kukushikia chumba. Wapo wanaongoja."

Bi Mwamvua akashika ufunguo kwenye pindo. Alifikiria bomba la chuma kule chooni. Alifikiria maji ya moto ya asubuhi na mikono ya Winifrida. Msiseme alikuwa hajui anachokipoteza, alikijua kimoja kimoja. Lakini Miraji akatambaa juu ya mkeka, mtu mzima mwenye ndevu, akalaza paji la uso kwenye magoti ya mamake, na kanzu yake ikaanza kutikisika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama hana ubishi na kichwa cha mwanawe kikishafika magotini.

"Ninaye," akasema. "Mwandikie, baba. Mwamvua ana mtu."

Fundo la kanga lilikuwa limekaza, ikabidi Winifrida asaidie kulifungua ili ufunguo utoke. Winifrida alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuingilia, mambo ya radhi si ya mgeni kutia mkono. Alifunga dawa kwenye mfuko, akamwelekeza Miraji nyeupe ni ya asubuhi, ya njano ni ya jioni, na mama asikae upande mmoja siku nzima. Miraji aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, macho yako kwa ustadhi. Bi Muzdalifa ambaye hakusikia hata neno moja aliuliza mara tatu mwenziwe anapelekwa wapi, na alipopigiwa kelele sikioni akasema, "Kwa mwanawe? Kafanya nini?"

Bajaji ilimpeleka Mahege. Kuku walichinjwa, wali wa nazi ukapikwa, dua ikasomwa. Mbele ya watu wote Miraji akapiga magoti, Bi Mwamvua akamwekea mkono kichwani akatamka, "Radhi yangu unayo, mwanangu, duniani na akhera." Watu wakasema amin. Wiki ile ile fundi alikuja na kifaa kipya kutoka Dar es Salaam, injini ikanguruma. Wakasema mnaona, mnaona nguvu ya radhi. Hakuna aliyemtaja fundi.

Sasa nisikilizeni. Miraji alichokuja kukichukua kwa mamake alikuwa amekwishakipata. Simwiti mbaya, nasema tu kwamba alikwishakipata. Mambo yalimnyookea, akapata nafasi ya kuweka mashine ya pili Mbwara, ng'ambo huko Rufiji, akawa analala huko wiki nzima. Swaumu naye si mbaya, na sitaki kumsingizia. Ana genge, ana mtoto mgongoni, ana mume asiyekuwepo. Asubuhi anamwekea mkwewe uji kwenye chupa, anamwekea maji, anasema "Mama, nimetoka," na anafunga lango la ua kwa kufuli, kwa kuwa mbuzi za watu zinaingia na wezi wa pumba wamezidi. Bi Mwamvua alikuwa akilisikia kufuli lile linaposhikana. Anakaa hapo alipowekwa mpaka kufuli lisikike tena.

Chupa ya uji ilikuwa na kifuniko cha kukaza. Vidole vyake haviwezi kukilegeza. Hakusema, aliona haya, mtu utalalamikaje kuhusu kifuniko. Maji aliacha kunywa mwenyewe, maana ukinywa maji utataka kwenda chooni, na chooni kuna kidaraja cha pili. Midomo ikapasuka. Dawa nyeupe ikaisha, ya njano ikabaki nyingi, kwa kuwa jioni hakuna aliyekumbuka. Kiunoni pakaanza kuuma mahali pamoja, pakawa na joto, pakawa na maji. Alijipangusa kwa kanga na kuificha chini ya godoro ili mkwewe asiione.

Na katika kukaa kule alikuwa akimfikiria mtoto wa dungu. Wote tunafungana, alijisemea. Hata mie nilimfunga. Lakini akaikumbuka ile ncha ya pili ya kanga, iliyokuwa kiunoni mwake, na hapo alilia, peke yake, mchana kweupe, na kuku wanamtazama.

Winifrida alikuja bila kutumwa na mtu, siku yake ya mapumziko, na mkungu mdogo wa ndizi. Akakuta kufuli.

"Hodi. Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wamefunga. Zunguka nyuma, makuti yameoza upande wa choo."

Mwanamke mnene yule akajipenyeza kwenye ua wa makuti mpaka gauni likachanika. Alipoingia chumbani harufu ilimwambia kabla hajauliza. Akamgeuza Bi Mwamvua ubavu, akaona kidonda, akakaa chini kwenye sakafu ya pumba akalia, na kilio chake kilikuwa cha hasira.

"Hawa watu," akasema. "Hawa watu, bibi. Walikuja na kanzu."

"Nyamaza. Nipe maji kwanza, maadamu upo wa kunipeleka chooni."

Alikunywa kikombe, na kingine, na kingine. Winifrida akamwosha, akamsafisha kidonda, ndipo akampa habari. Bi Muzdalifa kafariki, wamemzika, chumba cha mwisho kiko wazi. Yeye atamwambia Leodgar leo leo.

"Lakini atakuja kukuuliza, bibi. Na lazima ujibu mwenyewe, familia ikiwepo."

"Najua atakavyoniuliza," Bi Mwamvua akasema.

Wakakutana Ijumaa baada ya sala, uani kwa Miraji. Leodgar alikuwepo, Winifrida alikuwepo, mjomba Saadi alikuwepo, na Miraji aliitwa kutoka Mbwara akaja na vumbi lake. Majirani walikaa nje ya ua wakijifanya wanapita. Swaumu alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hatazami mtu.

Miraji ndiye aliyeanza, na alichosema kilikuwa na akili, ndiyo ubaya wake.

"Mama, angalia utakachosema. Mara ya kwanza tulisema hukujua, lilikutoka tu. Leo unajua. Ukilitamka leo umelitamka kwa kusudi, na mie nimekwisha."

Leodgar akavua viatu, akachuchumaa karibu naye. "Shikamoo, bibi. Samahani sana. Una mtu wa kukuhudumia?"

Msimdhanie mwepesi. Bi Mwamvua anaamini radhi kuliko walivyoamini wote waliokuwa pale, na hilo neno aliliona limekaa mdomoni kama kaa la moto. Akisema sina, kamwunguza mwanawe. Akisema ninaye, lango litafungwa kesho asubuhi, na kesho kutwa, mpaka kidonda kile kifike kwenye mfupa, na watu watamsifu makaburini kwamba alikuwa mama. Alimtazama Miraji muda mrefu. Akaona kijivu kimeanza kwenye ndevu.

"Mwana ninaye, baba," akasema. "Simkani. Nilimzaa juu ya maji, Mtunda nzima inajua, na kitovu nilimfunga kwa mkono wangu huu. Mwana ninaye. Mtu ndiye sina."

Nje ya ua watu wakaacha kujifanya wanapita. Saadi akainamisha kichwa. Leodgar, ambaye amekaa nasi miaka lakini si wa kwetu, akatazama huku na huku.

"Kwa hiyo, bibi, jibu ni..."

"Amekwishajibu," Winifrida akasema. "Tumwinue."

Miraji akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa pikipiki. "Umenimaliza, mama."

"Sijakumaliza. Njoo hapa."

Hakwenda.

"Njoo, Miraji. Nikuwekee mkono kichwani, wote hawa waone. Radhi yangu ni ile ile, sijaiondoa."

Mkono aliuinua kweli, ukangoja pale hewani. Naye Miraji aliuogopa. Mtu mzima yule, mwenye mashine mbili, aliuona mkono wa mamake umeinuliwa akadhani unataka kumfanyia jambo. Alipiga kiki pikipiki akaondoka. Bi Mwamvua alibaki na mkono juu mpaka Winifrida alipoushika akauteremsha polepole. Wakambeba yeye na Leodgar mpaka kwenye bajaji. Saadi alisaidia kubeba mto.

Sasa yuko chumba cha mwisho, cha Bi Muzdalifa. Ufunguo uko kwenye pindo. Kidonda kilichukua muda kufunga, lakini kimefunga. Uji anakunywa, maji anakunywa bila kuogopa, bomba la chuma analishika, na mkeka ulioachwa na marehemu ameumalizia yeye, akilaumu kila mstari jinsi ulivyoanzwa. Swaumu alikuja Idi na watoto, akaleta vitumbua, akakaa barazani akalia kidogo akaondoka. Hakuulizwa kitu.

Miraji hajaja. Kule Mbwara anawaambia watu mamake amemlaani mbele ya ofisa wa serikali, na mkanda wa mashine ukikatika anawaonyesha: mnaona. Watani wameacha kumtania, na mtu akishaachwa hata na watani hali yake si nzuri. Habari hizo zinafika Vyumba Nane, maana Kibiti hakuna habari inayokosa nauli.

Kila alfajiri baada ya sala Bi Mwamvua anamtaja jina, anasema radhi yangu unayo, duniani na akhera. Winifrida alimsikia, akatoa simu.

"Bibi, nimpigie umwambie mwenyewe."

"Haiendi kwa simu, mwanangu. Kichwa kinaletwa, mkono unawekwa. Ndivyo ilivyo."

Na wageni wanaopita barazani, wale wa kutoka Dar es Salaam wanaokuja kuona jengo lao, wakimuuliza hali anawajibu sijambo, nashukuru, chumba kizuri, watu wazuri. Wakimuuliza kama ana shida yoyote, anafikiri kwanza, anagusa pindo la kanga yake.

"Shida ni moja tu, wanangu. Nina kitu cha mwanangu hapa, yuko Mbwara. Sina mtu wa kumpelekea."